Sinema ya "The Searchers" na Historia Iliyo Nyuma Yake

Herufi za kitabu cha kale hazibadiliki, wala picha za sinema ya kale hazibadiliki. Kibadilikacho ni jicho la mtazamaji. Baba aliangua kicheko mahali ambapo mwanawe leo hukunja uso, na mwana hushikwa na majonzi mahali ambapo baba alikuwa akitafuna karanga zake kwa raha. Hapana haja ya kudhani kuwa baba alikuwa na moyo mgumu kuliko mwana. Kila kizazi huingia katika ukumbi wa sinema na elimu yake, hofu zake na aibu zake, na hayo ndiyo yampayo mtu jicho la kuonea.

Jambo hili ladhihirika zaidi katika sinema za Marekani zihusuzo mapambano ya nyikani baina ya walowezi wa kizungu na wenyeji wa nchi. Watu wa miji ya Afrika Mashariki walizijua kwa jina la sinema za makaboi, yaani wachunga ng'ombe wapandao farasi na kuvaa bastola kiunoni. Wenyeji wa nchi hiyo waliitwa Wahindi Wekundu katika Kiswahili, jina lililorithi kosa la Christopher Columbus, ambaye mwaka 1492 alifikia visiwa vya bahari ya Karibi akadhani amefika Bara Hindi. Katika makala haya wataitwa wenyeji wa asili, au kwa majina ya mataifa yao wenyewe, maana heshima ya kwanza ya mtu ni kuitwa kwa jina lake.

Katika sinema za namna hii, moja imepata sifa kubwa na lawama kubwa kwa wakati mmoja. Nayo ni "The Searchers", maana yake watafutaji, iliyoongozwa na John Ford na kutolewa mwaka 1956. Ilipotoka haikuteuliwa kugombea hata tuzo moja ya Oscar. Miaka ilivyopita sifa yake ikapanda. Mwaka 1989 ilitiwa katika orodha ya kwanza ya sinema za Marekani zilizostahili kuhifadhiwa kama urithi wa taifa. Mwaka 2008 taasisi ya sinema ya Marekani iliiweka juu ya sinema zote za makaboi. Jarida la Sight and Sound la Uingereza, ambalo kila baada ya miaka kumi huwauliza wahakiki sinema bora za ulimwengu, liliipata katika nafasi ya 7 mwaka 2012, na katika nafasi ya 15 mwaka 2022. Basi mtazamaji wa leo huikabili akiwa amekwisha kusikia sifa hizi zote, na aghalabu huinuka kitini moyo wake umegawanyika. Amestaajabia, na amechukizwa. Yafaa kuuliza ni nini kinachomgawanya hivyo, na kama historia yaweza kumsaidia kupima lililo haki.

John Ford alizaliwa mwaka 1894 katika jimbo la Maine, mtoto wa wazazi waliohamia Marekani kutoka Ireland. Hakuna mwongozaji mwingine aliyepata kutwaa tuzo nne za Oscar za uongozaji, na ajabu ni kuwa hata moja katika hizo hakuipata kwa sinema ya makaboi. Tangu mwaka 1939, alipotengeneza "Stagecoach", alilipenda bonde la Monument Valley, lililo mpakani mwa Arizona na Utah. Ni nchi ya mchanga mwekundu na majabali yaliyosimama kama minara ya msikiti uliobomoka kuta zake. Hadithi ya "The Searchers" ni hadithi ya Texas, lakini Texas hiyo ya picha haina mfano katika Texas ya ardhini. Ford aliitunga kwa majabali ya nchi nyingine, na watazamaji wa ulimwengu mzima wakaamini kuwa ndivyo Marekani ya magharibi ilivyo.

Bonde hilo ni nchi ya Wanavaho, na Wanavaho ndio walioajiriwa mwaka 1955 kuigiza Wakomanchi. Hapa mtazamaji mwenye kujua historia hukutana na mkasa wa kwanza. Wenyeji wa asili wote wa Marekani walitambuliwa kuwa raia kwa sheria ya mwaka 1924. Hata hivyo Arizona iliwanyima kura wale waishio katika maeneo yao yaliyotengwa hadi mwaka 1948, na Utah hadi mwaka 1957. Kwa hiyo, kamera zilipokuwa zikizunguka katika bonde lile, Mnavaho wa upande mmoja wa mpaka aliweza kumchagua mtawala wake, na ndugu yake wa upande wa pili hakuweza. Wote wawili walipanda farasi wakapiga kelele za vita, wakaanguka chini kwa risasi zisizo na chuma, wakalipwa ujira wao. Chifu wao katika mchezo, aitwaye Scar, hakuwa mmoja wao. Aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin, na macho yake ya buluu huonekana wazi katika picha za karibu.

Hadithi yenyewe yaanza mwaka 1868. Mlango wa nyumba wafunguliwa kutoka ndani ya giza, na mwanamke atoka barazani kutazama mpanda farasi ajaye kutoka mbali. Mpanda farasi huyo ni Ethan Edwards, aliyeigizwa na John Wayne. Alipigana upande wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, na miaka mitatu baada ya vita kwisha ndipo arudipo kwa ndugu yake Aaron. Mwanamke ni Martha, mke wa Aaron. Kwa namna anavyolipapasa koti la shemeji yake, pasipo neno kusemwa, mtazamaji huelewa kuwa wawili hawa walipendana na hawatapata kusema kamwe. Muda mfupi baadaye Wakomanchi wawavuta wanaume mbali na nyumbani kwa hila ya kuiba ng'ombe, kisha waishambulia nyumba. Aaron, Martha na mwana wao wauawa. Mabinti wawili, Lucy na Debbie, wachukuliwa. Lucy akutwa amekufa. Anabaki Debbie mdogo, na ami yake aanza safari ya kumtafuta itakayochukua miaka mitano, akifuatana na kijana Martin Pawley, yatima aliyelelewa na Martha, mwenye sehemu moja katika nane ya damu ya Kicheroki.

Mwanzoni mtazamaji hudhani kuwa Ethan amtafuta mtoto ili amwokoe. Kadiri miaka ipitavyo huanza kuona kuwa Ethan amtafuta ili amwue. Kwa Ethan, binti wa kizungu aliyekua na kuolewa katika hema ya Wakomanchi si mzungu tena, na afadhali afe. Hapa ndipo nguvu ya sinema ilipo. Shujaa, aliyeigizwa na mwigizaji aliyependwa kupita wote katika sinema za makaboi, ana ugonjwa moyoni, na mwongozaji hauonyeshi kwa kificho. Ethan afukua kaburi la Mkomanchi ampige risasi maiti machoni, ili roho yake, kwa imani ya watu wake, isiipate njia. Awapiga risasi nyati wa nyikani pasipo haja ya nyama, ili wenyeji wafe njaa. Apewapo nafasi ya kuwatazama wanawake wa kizungu waliokombolewa na jeshi, waliorukwa na akili, kamera humsogelea usoni, na chuki iliyomo katika uso huo haisahauliki.

Lakini mtazamaji wa leo hukwama mahali pengine, mahali ambapo hadhira ya mwaka 1956 ilicheka. Martin, katika kufanya biashara na wenyeji, adhani amenunua blanketi, kumbe amejipatia mke. Mwanamke huyo, aitwaye Look, ni mnene, mtiifu na mwenye haya. Awafuata, atumika, alala karibu na Martin, naye Martin ampiga teke ateremke mlimani akibingirika, na Ethan acheka. Muziki nao wacheka. Ukumbi wa leo hunyamaza. Punde baadaye Look akutwa ameuawa na askari wapanda farasi wa serikali katika kijiji kilichochomwa moto wakati wa theluji, na Martin auliza kwa uchungu kwa nini askari walilazimika kumwua. Mwenye kusoma historia atakumbuka papo hapo shambulio la Washita la Novemba 27, 1868, ambapo jeshi la George Custer lilivamia kijiji cha Wacheyeni alfajiri katika theluji, likamwua chifu Black Kettle, mtu aliyetafuta amani, pamoja na mkewe, na wanawake na watoto miongoni mwa wengine. Ford alijua alichokuwa akikigusa. Swali ni kama mtu aliyetuchekesha kwa mwanamke anapopigwa teke ana haki ya kutuomba tumlilie anapokufa.

Sasa yafaa kuiweka sinema kando kidogo na kutazama mambo yalivyotokea. Sinema ilitokana na riwaya ya Alan Le May iliyotoka mwaka 1954, na riwaya ilichota katika mikasa ya kweli ya Texas. Mkubwa katika mikasa hiyo ni wa Cynthia Ann Parker. Mei 19, 1836, wiki chache baada ya Texas kujitenga na Mexico, kundi la wapiganaji, Wakomanchi wakiwa miongoni mwao, lilishambulia boma la ukoo wa Parker katika Texas ya kati. Watu watano waliuawa na watano wakachukuliwa mateka. Cynthia Ann alikuwa na umri wa miaka kama tisa. Ami yake, James Parker, ambaye binti yake mwenyewe na mjukuu wake walikuwa katika mateka hao, alianza kuwatafuta, akasafiri mara kwa mara katika nchi za hatari kwa miaka mingi. Huyu ndiye kivuli cha kwanza cha Ethan. Binti yake alipatikana kwa fidia, lakini Cynthia Ann hakumpata.

Cynthia Ann akakua akawa Mkomanchi. Aliolewa na Peta Nocona, akazaa naye wana wawili na binti mmoja, na lugha ya wazazi wake ikamtoka kinywani. Mwezi Desemba 1860, miaka 24 baada ya kuchukuliwa, askari wa Texas waliishambulia kambi ya Wakomanchi kando ya mto Pease wakamkamata akiwa amembeba mtoto wake mchanga. Waliona macho yake ya buluu wakajua kuwa ni mzungu. Ami yake mwingine, Isaac Parker, alikuja kumtambua. Texas ilishangilia. Baraza la kutunga sheria lilimpa ardhi, na malipo ya dola 100 kwa mwaka kwa muda wa miaka mitano. Aliyepewa haya hakuyataka. Alijaribu kutoroka arudi kwa wanawe, akarudishwa. Binti yake alikufa kwa maradhi miaka michache baadaye, na mama naye akafa mwanzoni mwa miaka ya 1870, bila ya kuwaona wanawe tena. Watu wa nyumbani kwake waliita siku aliyokamatwa kuwa siku ya wokovu wake. Yeye alikuwa ametekwa mara ya pili.

Mtazamaji akiisha kulijua hili, mwisho wa sinema humgeuka mkononi. Debbie wa sinema, aliyeigizwa na Natalie Wood, aonekanapo mara ya kwanza akiwa mtu mzima humwambia Martin kuwa Wakomanchi ndio watu wake, na kumtaka aende zake. Baadaye, Martin aingiapo hemani usiku kumtoa, Debbie akubali mara moja kwa furaha. Hakuna kilichoelezwa katikati. Hakuna ajuaye kilichombadilisha, maana mchezo haukumpa maneno ya kutosha kusema. Historia ilikuwa na mwanamke aliyekataa kurudishwa. Sinema ilihitaji msichana akubaliye kuokolewa. Kama Debbie angalikataa hata mwisho, Ethan angalikuwa mtekaji, na watazamaji wa mwaka 1956 wasingalipata mahali pa kuiweka huruma yao.

Kuna kivuli cha pili cha mtafutaji, na hiki sinema imekifuta kabisa. Katika mwezi wa Oktoba 1864 Wakomanchi na Wakaiowa walishambulia makazi ya Elm Creek, kaskazini mwa Texas, wakawachukua mateka wanawake na watoto. Miongoni mwao walikuwamo mke na watoto wa Britt Johnson, mtu mweusi aliyekuwa katika utumwa. Johnson aliingia nchi ya adui zake, akajadiliana nao, na mwaka uliofuata jamaa zake wakapatikana. Kisha akaifanya kazi ya kusafirisha mizigo kwa magari ya farasi, na mwezi wa Januari 1871 akauawa na Wakaiowa njiani. Mkasa wake ulijulikana sana Texas, na wanahistoria wameuhesabu miongoni mwa mambo yaliyomwongoza Le May. Mtafutaji huyu hakuwa na anasa ya kuwachukia wale aliotaka kuwakomboa watu wake kwao. Alihitaji kusema nao. Hakuwa na nafasi katika sinema ya mwaka 1956. Mahali pake palikaliwa na mpiganaji wa jeshi lililopigana ili watu kama Britt Johnson wabaki watumwa.

Haki yataka pia kusemwa kuwa Wakomanchi wa historia hawakuwa malaika. Kwa zaidi ya karne moja walikuwa taifa lenye nguvu kupita mataifa yote ya nyika za kusini. Waliwashinda jirani zao, walivamia Mexico mpaka ndani sana, waliua na kutesa, na waliteka watoto wa mataifa mengi, wengine kwa kuwauza, wengine kwa kuwafanya watumwa, wengine kwa kuwalea kama wana wao. Mlowezi aliyekuta nyumba yake imeteketezwa hakuwa na hofu ya bure. Lakini sinema huanza hadithi siku nyumba ya mlowezi inapochomwa, na haiulizi nyumba hiyo ilijengwa juu ya nchi ya nani. Mwezi Oktoba 1867, mwaka mmoja kabla ya Ethan kurudi, Wakomanchi na Wakaiowa walitiliana mkataba na serikali huko Medicine Lodge, Kansas, ambao uliwaacha na eneo dogo kwa badala ya nchi kubwa. Katika miaka ya 1870 wawindaji wa ngozi waliwaua nyati kwa mamilioni, na chakula cha nyika kikaisha. Mwezi Septemba 1874 jeshi la Kanali Ranald Mackenzie lilizivamia kambi za wenyeji katika bonde la Palo Duro, likauchoma moto akiba yao ya baridi, na kuwapiga risasi farasi zaidi ya 1,000, maana taifa la wapanda farasi lisilo na farasi limekwisha. Mwezi Juni 1875 kundi la mwisho likajisalimisha Fort Sill. Aliyekuwa miongoni mwa viongozi wake ni Quanah, mwana wa Cynthia Ann Parker.

Quanah Parker alichukua jina la ukoo wa mama yake. Akawa mkuu wa Wakomanchi wa zama za amani, akajadiliana na matajiri wa ng'ombe juu ya malipo ya malisho, na mwaka 1908 akaonekana yeye mwenyewe katika sinema fupi bubu iitwayo "The Bank Robbery". Mwaka 1910 aliihamisha mifupa ya mama yake kutoka Texas akaizika Oklahoma karibu na watu wake. Mwaka uliofuata naye akafa. Kwa hiyo mtafutaji wa mwisho katika kisa hiki alikuwa mtoto akimtafuta mama yake, naye alikuwa Mkomanchi. Hadithi hii haijawa maarufu kama ile ya Ethan.

Je, basi, John Ford alitengeneza sinema ya ubaguzi, au sinema ihusuyo ubaguzi? Wahakiki wamegombana juu ya swali hili kwa miaka mingi. Walio upande wa Ford wana hoja za nguvu. Katika riwaya Martin ni mzungu mtupu. Ni sinema iliyompa damu ya Kicheroki, na kwa kufanya hivyo ikaliweka swali la damu katikati ya meza. Katika riwaya mtafutaji mzee hufa kabla ya mwisho. Ni sinema iliyomwacha hai, ikamlazimisha kuchagua. Scar hakuachwa bila sababu: awaeleza wageni wake kuwa wanawe wawili waliuawa na wazungu, na kwamba analipiza kisasi. Hivyo yeye na Ethan wawa kama mtu na sura yake majini. Kadhalika chuki haikuwekwa juu ya Ethan peke yake, kana kwamba ni kichaa cha mtu mmoja. Laurie, msichana mpole ampendaye Martin, akiwa amevaa nguo yake nyeupe ya arusi, asema kuwa Ethan atampiga Debbie risasi kichwani, na kwamba Martha mwenyewe angalitaka hivyo. Pengine hapana mahali katika sinema yote panapotisha kuliko hapo, kwa sababu maneno hayo hayatoki kinywani mwa mtu mwovu.

Wakati nao wastahili kukumbukwa. Mwezi Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu kuwa kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Mwezi Agosti 1955 mtoto mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa Mississippi kwa tuhuma ya kumkosea adabu mwanamke mweupe. Mwezi Desemba mwaka huo watu weusi wa Montgomery walianza kususia mabasi. Sheria za kukataza ndoa za watu wa rangi mbalimbali zilikuwa zingali katika majimbo mengi, na Mahakama Kuu haikuzifuta hadi mwaka 1967. Katika hali hiyo, sinema iliyomwonyesha shujaa mweupe akitaka kuua mtoto wa ndugu yake kwa ajili ya usafi wa damu haikuwa mchezo mtupu wa farasi na bunduki.

Walakini upande wa pili nao hauna hoja dhaifu. Kumwonyesha mgonjwa si sawa na kumwonyesha aliyeumizwa naye. Ethan amepewa dakika nyingi, historia, upendo wa siri, majuto na mlango wa kutokea. Wakomanchi wamepewa kelele, mishale na hotuba fupi. Look amepewa teke. Hata huruma ya sinema yaelekezwa kwa yule achukiaye kuliko kwa yule achukiwaye, na mtazamaji hutoka ameijua vema nafsi ya mbaguzi pasipo kujua hata jina la kweli la mama mmoja wa Kikomanchi. Ford mwenyewe yaelekea aliliona deni hili. Mwaka 1964 alitengeneza "Cheyenne Autumn", ihusuyo safari ya Wacheyeni kurudi kwao, kwa nia ya kuisema hadithi upande wa wenyeji. Hata humo wakuu wa Wacheyeni waliigizwa na watu wasiokuwa wenyeji.

Mtu mweusi alikwisha kulijua tatizo hili mapema. Mwezi Februari 1965, katika mdahalo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, mwandishi James Baldwin alieleza mshtuko wa mtoto mweusi wa Marekani ambaye humshangilia Gary Cooper awauapo wenyeji wa asili, kisha siku moja atambua kuwa wale wanaouawa ni yeye. Maneno hayo yana mwangwi Afrika. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, walijiita Mabili, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa leso shingoni na kutembea kikaboi katika mitaa ya mji uliotawaliwa na Wabelgiji. Mwaka "The Searchers" ilipotoka Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na mzizi mmoja mkubwa wa vita vile ulikuwa ardhi iliyokaliwa na walowezi. Haifai kuwacheka waliomshangilia kaboi. Sinema ilimpa mtazamaji farasi, ujasiri na uhuru, na haikumpa mtu mwingine wa kumpenda.

Basi mtazamaji wa leo afanye nini na sinema hii? Wako wasemao kuwa kazi ya kale ihukumiwe kwa mizani ya wakati wake tu. Neno hili lina kasoro, kwa kuwa wakati hauna mizani moja. Mwaka 1956 walikuwako Wanavaho wa Utah walionyimwa kura, na walikuwako watu wa Montgomery waliokwenda kazini kwa miguu. Hao pia walikuwa watu wa wakati huo, na mizani yao haikuwa ya Ethan. Wako wasemao kuwa sinema kama hii ifungiwe kabatini. Nao wamekosa, kwa kuwa ugonjwa uliofichwa hautibiki, na ni nadra kuuona ugonjwa huu ukionyeshwa waziwazi kama ulivyoonyeshwa katika uso wa John Wayne. Lililo bora ni kuitazama pamoja na yale iliyoyaacha nje: kumtazama Debbie na kumkumbuka Cynthia Ann, kumtazama Ethan na kumkumbuka Britt Johnson, kuyatazama majabali mekundu na kuwakumbuka wenye nchi.

Mwisho wa sinema, Ethan amfukuza Debbie kwa farasi, amkamata, amwinua juu kwa mikono miwili kama alivyomwinua siku ya kwanza alipokuwa mtoto, na badala ya kumwua ampakata amrudishe. Wafika nyumbani kwa jirani zao Jorgensen. Wote waingia ndani, mmoja baada ya mwingine. Ethan asimama nje ya mlango, ameushika mkono wake kwa mkono wa pili, kisha ageuka akaenda zake katika upepo na mchanga, na mlango wafungwa, giza likatanda kama mwanzo. Wahakiki wengi wamesema kuwa nyumba ile yamkataa mtu wa chuki, na kuwa Marekani mpya haikuwa na nafasi yake. Ni tafsiri njema. Lakini kamera imo ndani ya nyumba pamoja na walioingia, na Laurie, aliyesema maneno yale katika nguo ya arusi, naye amo ndani. Mlango ulifungwa Ethan akiwa nje, na sehemu ya chuki yake ikiwa imekwisha kuvuka kizingiti. Mama wa kweli aliyerudishwa kwa jamaa zake kwa nguvu alizikwa mbali na wanawe, na ilimbidi mtoto angojee hadi mwaka 1910 kwenda kumchukua.